Kitoweo kiwe chakula, ugali uwe kitoweo: kupanga sahani baada ya kupunguzwa tumbo

Chukua kikombe cha kahawa, kile cha kauri kisicho na mkono, cha barazani. Tia maji hadi nusu. Maji hayo, kama mililita 30 hivi, ndiyo yaliyokuwa yanaenea kwenye tumbo nililotoka nalo chumba cha upasuaji. Lile la zamani lilikuwa linapokea sahani ya wali maharage, ndizi mbivu, glasi ya maji baridi ya kushushia, na baada ya saa mbili linauliza chai.

Mimi nilifanyiwa baipasi, mojawapo ya upasuaji wa kupunguza tumbo ili uzito ushuke. Daktari anatenga kijifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mwembamba, kwa hiyo chakula kinapita njia ya mkato. Wengine wanafanyiwa slivu: robo tatu ya tumbo au zaidi inakatwa na kutolewa, unabaki na mrija wenye umbo la ndizi. Aliyewekewa puto ndani ya tumbo ili lichukue nafasi hajakatwa kitu, na puto lenyewe hutolewa baada ya miezi, kwa hiyo ya vidonge na upungufu wa vitamini niliyoandika hapa hayamhusu sana. Ya sahani yanamhusu.

Kwetu mtu akiulizwa amekula nini anajibu "ugali". Samaki aliyekuwa pembeni ni kitoweo, kazi yake kuusindikiza. Nimekulia humo, nimepika hivyo miaka ishirini, na baada ya upasuaji ilibidi nigeuze kila kitu: samaki ndiye chakula, ugali ndio unaomsindikiza, tena akibakiza nafasi. Nafasi ndiyo kila kitu sasa. Kila kijiko kinachoingia kimemnyima mwenzake.

Hatua ya 1: Wiki za mwanzo fuata karatasi ya hospitali, na jihadhari na uji

Karatasi hizi zinapishana kidogo, ila kwa kawaida siku mbili tatu za kwanza ni maji, supu iliyochujwa na chai isiyo na sukari. Hadi mwisho wa wiki ya 2 ni maziwa, mtindi mwepesi na supu zilizosagwa zikachujwa. Wiki ya 3 na ya 4 vyakula vya kupondwa. Kuanzia ya 5 hadi ya 8 vyakula laini, halafu unarudi kwenye chakula cha kawaida kwa kujaribu kimoja kimoja. Usiruke. Mshono bado mbichi, na haujui kwamba wewe una hamu ya ugali.

Shida ya wiki hizi ni wageni. Wanakuja na chupa za uji: wa ulezi, wa mchele, wa lishe, wote umekolea sukari, kwa sababu tangu utotoni tumeambiwa uji ndio chakula cha mgonjwa. Uji mwepesi ni wanga na maji. Nusu kikombe kinakujaza na protini haijaingia hata gramu tatu. Usimkatalie mtu, pokea, shukuru, wape watoto. Kama lazima unywe uji na karatasi yako imeshauruhusu, upikwe kwa maziwa badala ya maji, uongezwe vijiko viwili vya maziwa ya unga, usitiwe sukari, uchujwe. Unga wa lishe wenye karanga usubiri hatua ya vyakula vya kupondwa.

Hatua ya 2: Hesabu protini kama unavyohesabu nauli

Kiwango kinachotajwa na wataalamu wengi ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Mwenye matatizo ya figo apangiwe na daktari wake, asichukue namba hii. Sababu ya kuikazania ni kwamba mwili unaopungua haraka hauchagui: usipoupa protini, unakula misuli pamoja na mafuta. Utaona kilo zinashuka ukashangilia, kumbe ngazi za ghorofa ya pili zinakushinda. Nywele nazo. Kukatika nywele kati ya mwezi wa 3 na wa 6 kunawapata wengi hata wakila vizuri, kwa ajili ya mshtuko wa kupungua ghafla, na baadaye zinaota tena. Aliyepungukiwa protini na madini ya chuma anaumia zaidi.

Vipimo vya jikoni ninavyovitumia ni hivi. Yai moja, gramu 6. Maziwa glasi ya mililita 250, gramu 8. Ukikorogea vijiko vikubwa viwili vya maziwa ya unga inafika 12. Samaki aliyeiva, mnofu wa gramu 70 (karibu nusu ya kiganja changu, bila vidole), kama 15. Kuku asiye na ngozi gramu 60, kama 16. Maharage au choroko zilizoiva, nusu kikombe, 7. Karanga kiganja cha gramu 30, nazo 7, lakini zina mafuta mengi na ni ngumu kwa mtu wa miezi ya mwanzo.

Sasa dagaa. Ningekuwa na uwezo ningewapa dagaa wote waliofanyiwa upasuaji huu, maana unga wa protini wa makopo unauzwa bei ya mbuzi. Chukua dagaa wakavu wa Mwanza, toa vichwa maana ndivyo vyenye uchungu. Mwagia maji ya moto, subiri dakika tano, kisha osha kwa maji baridi mara tatu, ukiwainua kwa mkono kutoka kwenye beseni badala ya kumwaga maji; mchanga unabaki chini, utauona. Anika hadi wakauke. Watie kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ugeuze hadi uwasikie wakikatika chini ya mwiko kama majani makavu. Saga kwenye blenda, chekecha kwa chujio la chai, weka kwenye chupa yenye kifuniko. Kijiko kikubwa kimoja cha unga huo kina protini karibu sawa na yai, na kinapotea ndani ya mchuzi wa nyanya bila mtu kujua. Mume wangu alikula wiki mbili bila kuuliza.

Nyama ni mtihani. Minofu ya kidari cha kuku wa kisasa iliyokauka, au nyama ya jana iliyopashwa moto, inakwama. Utajua imekwama: kifua kinabana katikati, mate mazito yanajaa mdomoni, unasimama unatembea huku na huku sebuleni. Dawa ni kupika kwa mchuzi. Samaki wa kuchemsha kwa limao na nyanya, paja la kuku lililochemka hadi nyama inachambuka yenyewe, nyama ya kusaga iliyolowa. Mishkaki iache hadi mwaka uishe. Na hata hapo kata kila kipande mara nne.

Hatua ya 3: Jifunze upya kula

Tumia kisosi badala ya sahani, na kijiko cha chai. Anayekula kwa mkono afinyange tonge lenye ukubwa wa punje ya karanga. Tafuna mara 20, uweke kijiko chini, uzungumze na watu. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Ukizidi hapo umeshaanza kuchokoachokoa.

Anza na protini. Ukiwa bado una nafasi, mboga. Wanga mwisho. Simamisha pale dalili ya kwanza ya kushiba inapokuja, na mara nyingi siyo tumboni: mwingine anapata kwikwi moja, mwingine pua inaanza kuchuruzika. Mimi napiga chafya. Nyumbani wakinisikia napiga chafya mezani wanaondoa kisosi.

Maji yakae mbali na chakula. Acha kunywa dakika chache kabla ya kula na usubiri nusu saa baada ya kula, kwa sababu maji yanakula nafasi na yanasukuma chakula kishuke kabla hujashiba. Lakini kwa siku nzima ufikishe lita moja na nusu au zaidi, kwa funda ndogondogo. Kwa joto la Dar mwezi wa pili hilo ni zoezi. Natembea na chupa ya nusu lita. Ya kwanza iishe kabla ya saa tano asubuhi, ya pili kabla ya saa kumi, ya tatu kabla ya kulala.

Hatua ya 4: Nyuzinyuzi taratibu, laini kabla ya ngumu

Huku ndiko watu wanakosea pande mbili. Mmoja anakula nyama na mayai tu, wiki inapita hajapata choo. Mwingine anasikia mboga ni nzuri, anabugia kisamvu mwezi wa pili, anarudishwa hospitali akiwa anatapika. Nyuzi ngumu zisizotafunwa zinaweza kujikusanya tumboni zikawa donge linaloziba njia. Sikutishi kwa mambo ya kufikirika, madaktari wanalifahamu hilo donge na wameshalitoa.

Tumbo kukaza lina sababu zaidi ya moja: chakula kidogo, maji kidogo, vidonge vya madini ya chuma, na zile dawa kali za maumivu za siku za mwanzo. Kwa hiyo kabla ya kuongeza mboga angalia chupa yako ya maji. Nyuzinyuzi bila maji zinakaza zaidi.

Utaratibu ulionifaa ni huu. Nikiwa kwenye vyakula vya kupondwa nilianza na papai bivu na parachichi lililosagwa, vijiko viwili vya chai. Halafu maharage. Maharage ni ya ajabu kwa sababu yanabeba vitu vyote vitatu kwa pamoja, protini, nyuzinyuzi na wanga, kwa hiyo ukila maharage usihesabu tena ugali pembeni kama vile hujala wanga. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha hadi ukibonyeza kwa kidole yanakuwa uji, pitisha kwenye chujio ganda libaki juu. Baada ya mwezi wa pili unaacha kuchuja. Choroko zilizokobolewa ni nyepesi zaidi kwa wenye gesi.

Kisha bamia, ambazo utelezi wake ni nyuzinyuzi laini zinazosaidia kweli. Mchicha majani matupu, uliokatwa mwembamba na kuiva, bila vijiti. Karoti na boga la kuchemsha. Kisamvu kilichotwangwa vizuri na sukuma wiki viliingia kwangu baada ya miezi minne, tena kwa kijiko kimoja.

Na vichache nimevipa likizo ndefu: muwa, embe lenye nyuzi (dodo lililoiva ninakula), nanasi, machicha ya nazi, na zile ngozi nyeupe za chungwa. Chungwa lenyewe namenya hadi kwenye nyama au naliacha. Isabgol, yale maganda meupe yanayouzwa famasi, inavimba sana ikikutana na maji, kwa hiyo usijinunulie tu kwa ushauri wa jirani. Muulize aliyekufanyia upasuaji ni lini na kiasi gani.

Mtu mzima analenga angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Mwaka wa kwanza hutafika, tumbo haliruhusu. Ukipata 10 huku unakunywa maji na unapata choo laini, endelea na shughuli zako.

Hatua ya 5: Wanga uingie mwisho, ila uingie

Kuna makundi ya WhatsApp yanaapa kwamba aliyefanyiwa upasuaji asiguse wanga maisha yake yote. Siyafuati. Mwili unahitaji wanga kidogo, na asiyekula kabisa anaishia kizunguzungu, uchovu na kukosa choo. Miezi ya mwanzo utakuwa mdogo wenyewe, kwa sababu protini imeshajaza kisosi. Kadiri nafasi inavyoongezeka, unaongeza kijiko kwa kijiko.

Chagua unaokuja na kitu kingine ndani yake. Kiazi kitamu cha kuchemsha, ndizi mbichi za kupika, boga, ugali wa dona uliolegea, uji wa shayiri uliopikwa kwa maziwa. Vijiko viwili vikubwa kwa mlo vinanitosha hadi leo. Wali, chapati na mkate laini ni wasumbufu kwa sababu tofauti kabisa: vinafinyangika ndani kuwa donge la unga na kukaa hapo. Mkate ukibanikwa hadi ukawa mkavu unapita vizuri. Wali ulio bokoboko unapita kuliko pilau iliyochambuka, jambo linaloniuma kama mpishi.

Sukari ni kesi nyingine. Kwa sisi wa baipasi, na kwa baadhi ya wenye slivu, kitu kitamu kinaporomoka moja kwa moja hadi kwenye utumbo, na utumbo unavuta maji kukipokea. Madaktari wanaiita dampingi. Nilijifunza msibani, mwezi wa nne. Nilipewa chai ya maziwa yenye sukari na vitumbua viwili, nikaona aibu kukataa. Dakika kumi na tano baadaye moyo ulikuwa unadunda hadi masikioni, jasho baridi, tumbo linanguruma, na choo ni kimoja na foleni ina watu sita. Wanawake wenzangu kwenye mkeka walidhani nimezidiwa na majonzi. Shangazi akaanza kunipepea kwa upindo wa khanga, akinisomea dua.

Hiyo ndiyo ya mapema, inakuja ndani ya nusu saa. Ipo ya kuchelewa, saa moja hadi tatu baada ya kula: sukari ilipanda haraka, mwili ukatoa insulini nyingi, sasa sukari imeshuka chini ya kiwango. Unatetemeka, unatoka jasho, njaa kali, akili nzito. Watu wanakimbilia soda, na chupa moja ya mililita 300 ina sukari zaidi ya gramu 30, kwa hiyo mzunguko unaanza upya. Tumia kiasi kidogo cha kitu kitamu kukutoa hatarini, kisha ukae ule protini. Ikijirudia, kamuone daktari. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge awe macho zaidi, maana dozi ya kabla ya upasuaji inaweza kuwa kubwa mno ndani ya siku chache tu. Isipunguzwe kwa kukisia.

Siku yangu moja, kwa mfano

Saa moja asubuhi yai moja la kuchemsha na vijiko viwili vya parachichi. Saa nne mtindi usio na sukari, mililita 150, uliokorogwa na kijiko kikubwa cha maziwa ya unga. Saa saba mnofu wa samaki wa mchuzi, vijiko viwili vya mchicha, kijiko kimoja cha ugali. Saa kumi glasi ya maziwa niliyoyaongeza nguvu, nainywa polepole kwa nusu saa. Saa moja usiku kuku aliyechambuka, vijiko vitatu vya maharage, kipande cha papai kama bado kuna mlango.

Jumlisha: 6, 7, 15, 12, 16 na 3. Ni 59. Siku ninayopungukiwa, unga wa dagaa unaingia kwenye mchuzi wa usiku. Hii ni ya mtu aliyepita miezi sita. Wa mwezi wa pili asijilazimishe.

Mama mkwe wangu wa Muheza hakuwahi kuikubali hesabu hii. Kila tukienda anapakua sinia, ananitazama nikila, kisha: "Mwanangu, mbona huli? Au nimekosea chumvi?" Namjibu, "Nakula, mama, nakula polepole." Sasa ameanza kunipakulia kwenye kisosi cha chai, anakiweka mbele yangu na kuguna.

Mambo ya pembeni yasiyo ya pembeni

Chakula peke yake hakitoshi baada ya baipasi au slivu. Kuna multivitamini, B12, vitamini D, kalsiamu na madini ya chuma, na ni vya maisha yote. Kipimo chako unakipata kwa vipimo vya damu. Kalsiamu na madini ya chuma vipishane angalau saa mbili kwa sababu vinagombana kufyonzwa. Chai nayo inazuia madini ya chuma, kwa hiyo usishushie kidonge kwa chai.

Diklofenaki na ibuprofeni tunazozoea kununua dukani kwa kuumwa kichwa au mgongo zinaweza kuleta vidonda kwenye kiunganisho cha baipasi. Mwambie muuza dawa umefanyiwa nini. Anayepanga ujauzito asubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Na kwa Waislamu wenzangu, mwaka wa kwanza funga ya Ramadhani izungumzwe na daktari mapema, kwa sababu kupata lita moja na nusu za maji kati ya magharibi na alfajiri, huku maji hayachanganywi na chakula, ni hesabu ngumu kutoka.

Usisubiri kliniki ya mwezi ujao ikiwa unatapika kila unachokula kwa siku moja au mbili, tumbo linauma kwa ukali, moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa, una homa wiki za mwanzo, au choo kimekuwa cheusi kama lami. Kutapika mfululizo kukifuatiwa na miguu kufa ganzi, kuyumba au kuona vitu viwiliviwili ni dalili ya upungufu wa vitamini B1, na hiyo inatibiwa siku hiyohiyo, kwa sindano. Namba ya wodi nimeibandika kwenye mlango wa friji, chini ya ratiba ya vidonge. Mwanangu wa darasa la tano anajua kuipiga.